Si Moshi, Jamani. Ni Sumu!

Kipupwe ndicho hicho kimeshaingia. Kwa sisi tunaoishi Dar kipupwe ni neema: unalala bila feni, unatembea Posta saa saba mchana na shati halijalowa. Lakini kwa ndugu zetu wa Makete, Njombe, Mufindi, Lushoto na Karatu, Juni mpaka Agosti ni miezi ya kutetemeka. Kule Kitulo kuna asubuhi mtu anafungua mlango anakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu.

Kwenye magazeti yetu kipupwe kina habari yake maalumu, inayorudi kila mwaka kama maembe yanavyorudi Desemba. Mnaijua. Baba, mama na watoto wameingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Wamefunga mlango na madirisha. Asubuhi jirani anagonga, kimya. Wanavunja mlango. Unasoma, unatikisa kichwa, unasema "masikini wa Mungu," halafu unafungua ukurasa wa michezo kuangalia Simba na Yanga.

Leo nina ugomvi na habari hiyo. Sigombani na waliokufa. Nagombana na sisi tunaoiandika, na makamanda na viongozi wanaotupa maneno ya kuandika. Nasema hivi: maneno tunayotumia kuripoti vifo hivi ni sehemu ya sababu ya vifo vya mwaka unaofuata. Ni maneno manne tu, na nitayachukua moja moja. Nikikosea mnisute kwenye maoni hapo chini, mnajua sina kinyongo.

Neno la kwanza ni MOSHI.

"Wafa kwa moshi wa jiko." Vichwa vya habari vya namna hii mmevisoma mpaka mmevizoea. Sasa nijibuni swali dogo. Nani katika nchi hii analala na jiko linalofuka moshi? Hakuna! Moshi unawasha macho, unakereketa koo, mtu anakohoa, mtoto analia. Hata mlevi atalitoa. Kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ya mkaa anajua utaratibu: jiko unaliwasha nje, unalipepea, unasubiri moshi uishe, mkaa ukishakuwa mwekundu wote ndipo unaliingiza ndani. Hapo watu huwa wanasema "limekubali". Na hapo ndipo linapoua.

Niliwahi kutumwa nyanda za juu kusini kuandika habari ya msiba wa aina hii. Pale matangani nikamsalimia mama mmoja jirani wa marehemu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukakaa pembeni tukazungumza. Akaniambia maneno ambayo bado ninayo kwenye kijitabu changu: "Mwanangu, wewe umesoma, nieleweshe. Lile jiko marehemu alilikoleza hapa hapa nje, mimi naona. Akapepea mpaka moshi ukaisha wote, ndiyo akaingia nalo. Sasa moshi wa kuwaua umetoka wapi?"

Swali zuri kuliko maswali mengi ninayoyasikia kwenye mikutano na waandishi wa habari! Na mama yule alikuwa sahihi. Moshi haukuwepo.

Kilichokuwepo ni gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Mkaa ni kaboni. Ukiungua kwa hewa ya kutosha unatoa kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa tukipumua. Ukiungua kwa hewa isiyotosha, yaani ndani ya rundo la mkaa kwenye jiko la kawaida, unatoa hii nyingine. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho. Umewahi kuona vile vimiali vya bluu vinavyocheza juu ya mkaa mwekundu? Ile ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua. Vimiali vikizimika, mkaa ukabaki unameremeta kimya kimya, gesi ile haijakoma kutoka. Inatoka bila kuungua na inaingia chumbani. Na ule ujanja wa kufunika mkaa kwa majivu ili moto ufike alfajiri unaunyima mkaa hewa zaidi, na sumu inaongezeka. Kwa lugha nyepesi, jiko linaonekana limetulia wakati ule ule linapofanya kazi yake mbaya.

Basi nikarudi na habari yangu. Nilikuwa nimeongea na daktari, nikaandika kwamba familia ile imekufa kwa sumu ya kaboni monoksaidi, nikaeleza kwamba jiko lisilo na moshi linaua vilevile. Kesho yake nanunua gazeti (gazeti lenyewe silitaji, msinihangaishe), nakuta sumu imetoka, moshi umeingia. Aya ya maelezo imekatwa yote.

Nikamfuata mhariri. "Mkuu, mbona mmeweka moshi?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Dogo, msomaji wa kawaida hajui hayo makemia yako. Moshi anaujua. Halafu kichwa cha habari kina nafasi yake, hakinyooki kama mpira."

Sawa mkuu. Tuhesabu basi. MOSHI ina herufi tano. SUMU ina herufi nne. "Wafa kwa sumu ya mkaa" inachukua nafasi ndogo kuliko "Wafa kwa moshi wa mkaa". Kwa hiyo nafasi haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba tumezoea, na tunaamini msomaji "wa kawaida" ni mtu wa kupewa anachokijua tayari. Sasa kama gazeti kazi yake ni kumwambia mtu anachokijua tayari, analinunua la nini?

Angalia madhara yake. Mtu wa Makambako anasoma, au anasikia redioni wakisoma vichwa vya magazeti asubuhi, kwamba moshi wa jiko umeua. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba ajihadhari na moshi. Jioni anapepea jiko lake kwa uangalifu zaidi, mpaka moshi uishe kabisa, halafu analiingiza ndani akiwa na amani moyoni. Tumemfundisha kufanya kile kile kilichowaua wenzake, tena afanye kwa bidii!

Siku hizi kuna na ule mkaa mbadala, wa vumbi lililoshindiliwa, unaouzwa kwenye mifuko mizuri na kusifiwa kwamba hauna moshi. Ni bidhaa nzuri, unapunguza kukata miti, sina tatizo nao. Lakini nchi ambayo magazeti yake yanasema moshi ndio unaoua, halafu mfuko wa mkaa unasema "hauna moshi", msomaji ajumlishe mwenyewe atapata jibu gani.

Na yule mama mwenye swali lake? Gazeti lilimjibu kwa neno lile lile alilokuwa amelikataa kwa ushahidi wa macho yake. Mtu akikosa jibu la kweli anatafuta jibu jingine. Watu wanne wamekufa kitandani bila jeraha, bila moshi, bila povu mdomoni, mlango umefungwa kwa ndani. Mnajua wenyewe mazungumzo ya matangani yanakoelekea hapo. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, neno lisilo sahihi kwenye habari ya kifo si jambo dogo. Kuna bibi mwenye macho mekundu atakayelipa gharama yake. Na macho yake pengine ni mekundu kwa sababu ya moshi halisi wa kuni alizopikia miaka 50.

Neno la pili ni KUKOSA HEWA.

Hili ni la makamanda wa polisi. "Uchunguzi wa awali umebaini marehemu walifariki kwa kukosa hewa baada ya kulala na jiko la mkaa." Linasikika la kisomi, na ni afadhali kidogo kuliko moshi, lakini nalo linapotosha. Mtu akisikia kukosa hewa anafikiria kuzama majini au kufungiwa ndani ya buti la gari. Dawa yake anaiona ni kuacha upenyo. Anaacha dirisha wazi kwa upana wa vidole viwili, anasema hewa si inaingia? Analala.

Chumba kile hakikukosa hewa. Hewa ilikuwepo, oksijeni ilikuwepo ya kutosha kuwafikisha asubuhi. Shida ni kwamba damu yao ilizuiwa kuibeba. Damu yetu ina himoglobini, nyie mliosoma baiolojia mnaikumbuka, ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini. Kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Fikiria daladala ya Mbagala: abiria wachache wabishi wamekaa viti vyote na hawashuki kituo chochote. Gari linatembea, linasimama vituoni, oksijeni inapiga kelele "konda, mimi nashuka Kariakoo!" lakini hakuna pa kukaa. Mapafu yanapumua vizuri kabisa huku ubongo na moyo vinakufa njaa.

Ndiyo maana hauhitaji chumba kisicho na hewa ili ufe. Unahitaji gesi hiyo kidogo, kwa muda wa kutosha, na usingizi. Ndiyo maana pia upenyo wa vidole viwili si kinga. Na kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa hewa, inachanganyika chumba kizima. Ukilala juu kitandani au chini kwenye mkeka, ni yale yale.

Hata hospitali neno hili linatuponza. Tangu wakati wa Covid-19 zahanati nyingi zinatumia kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Kwa mtu aliyevuta kaboni monoksaidi kifaa hicho kinadanganya. Hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokaliwa na sumu, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kama umemkimbiza mgonjwa hospitali na umesema tu "alikosa hewa", mhudumu anaangalia kidole anasema oksijeni iko vizuri. Sema wazi: alikuwa chumbani na jiko la mkaa, amevuta sumu ya mkaa, apewe oksijeni. Akiwa kwenye hewa ya kawaida sumu inachukua saa nne hadi tano kupungua nusu. Akivuta oksijeni tupu inapungua nusu kwa kama saa moja na nusu. Na yale maziwa mnayokimbilia kumnywesha hayasaidii chochote, sumu imo kwenye damu, tumboni haipo. Mtu aliyezimia ukimmiminia maziwa unaweza kumpalia ukammaliza wewe.

Neno la tatu ni UZEMBE.

Hili huja mwishoni mwa habari, kiongozi akiwaasa wananchi "waache uzembe" na "waache mazoea". Huku mjini tunaliongezea letu: ushamba. Nimewasikia watu wenye digrii, tena wanakunywa kahawa ya elfu nane Masaki, wakisema "hao watu wa mikoani bwana, mpaka leo wanalala na mkaa!"

Haya, niwape habari ya mshamba mmoja. Aliitwa Émile Zola. Mwandishi mkubwa wa Ufaransa, ndiye aliyeandika barua ya "J'accuse" mwaka 1898, barua ya gazetini iliyoitikisa serikali nzima kumtetea Dreyfus. Sisi tunaojiita waandishi wa habari wakali tunamsoma chuoni kwa adabu zote. Mwisho wa Septemba 1902 alilala nyumbani kwake Paris, moto wa makaa ya mawe ukiwa umewashwa chumbani, na bomba la kutolea hewa lilikuwa limeziba. Usiku huo kaboni monoksaidi ikamuua. Mke wake alinusurika. Mpaka leo sijasoma mahali wanapomwita Zola mzembe.

Tuwe wakweli kuhusu nyumba zetu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya udongo na nyasi. Ilikuwa inapumua. Moto uliwaka katikati, moshi na kila kilichofuatana nao vikatokea kwenye nyasi za paa na kwenye mianya ya mlango. Haikuwa nzuri kwa macho wala mapafu, lakini usiku mmoja haukutosha kuwaua. Leo mjukuu amejenga nyumba ya tofali, ameweka dari, vigae, na madirisha ya aluminiamu ya kuvuta, yanaziba vizuri kuzuia baridi na vumbi. Jiko ni lile lile, desturi ni ile ile, nyumba ndiyo imebadilika. Kilichomuua ni maendeleo yaliyokuja bila maelezo. Sasa huyo ni mzembe? Nani alimwambia?

Wenzetu hawakutegemea akili ya marehemu. Marekani waliona watu wanakufa kwa kuwasha mkaa ndani, wakagundua maandishi ya onyo hayasomwi na kila mtu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mfuko wa mkaa unaouzwa kule lazima uwe na onyo pamoja na mchoro, ili hata asiyejua Kiingereza aelewe. Uingereza, kwenye nyumba za kupanga za England, tangu Oktoba 2015 mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi kwenye chumba chenye kifaa cha kuchoma kuni au makaa. Mzigo kabebeshwa mwenye nyumba anayepokea kodi, hakubebeshwa mpangaji anayeona baridi.

Sisi gunia letu la mkaa linatoka porini limefumwa kwa kamba na majani, halina lebo. Kwa hiyo lebo yake ni nani? Ni gazeti. Ni redio. Ni tamko la kamanda. Hayo ndiyo maonyo pekee yanayoambatana na gunia la mkaa Tanzania, na kwenye lebo hiyo sisi tumeandika "moshi".

Kuna gazeti lililoielewa kazi hiyo. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme Seattle na vitongoji vyake, baridi kali. Watu wakawasha mkaa na jenereta ndani, mamia wakatibiwa kwa kaboni monoksaidi na wengine wakafa. Wengi wa waliotumia mkaa walikuwa wahamiaji, wakiwemo Wasomali, watu waliokulia kwenye mkaa kama wewe na mimi. Seattle Times wakaweka onyo kwenye ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Hawakusema msomaji wa kawaida hajui makemia. Walimfuata kwa lugha yake.

Neno la nne, na hili ni la upande wa pili, ni MTUNGI WALIPUKA.

Mtauliza gesi imeingiaje humu. Imeingia kwa sababu ndiyo tunayoambiwa tukimbilie, na ni sawa. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mitungi ya kilo sita inauzwa kwa bei ya ruzuku hadi vijijini. Safi sana. Lakini ongea na mama wa Makete au wa Mbagala umuulize kwa nini mtungi ameuweka uvunguni na anapikia mkaa. Atakwambia: "Mwanangu, ile kitu inalipuka. Si mnaandika wenyewe?"

Kweli tunaandika. "Mtungi wa gesi walipuka, wajeruhi." Ila mara nyingi mtungi haukulipuka. Ukienda eneo la tukio unaukuta umesimama mzima. Kilichotokea ni kwamba gesi ilivuja, kwenye mpira uliochakaa, kwenye regulata iliyofungwa vibaya, au kwenye kile kimpira cha duara kwenye mdomo wa mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya kama maji. Mtu anaingia, anawasha taa au kiberiti, hewa yote ya chini inashika moto.

Ukimwambia mtu mtungi umelipuka, umemfanya auogope mtungi kama bomu, kitu cha majaliwa. Ukimwambia gesi ilivuja kwenye mpira, umempa kitu cha kukagua. Povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu unavuja. Bei yake ni kipande cha sabuni. Na harufu ile mbaya ya gesi imewekwa makusudi kiwandani ili ikuamshe. Ukiisikia usiguse swichi, usiwashe wala kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka, piga simu ukiwa nje. Zimamoto ni 114.

Kipupwe kina mtego wake hapa pia. Kwenye baridi kali gesi ndani ya mtungi inazembea kugeuka mvuke, moto unakuwa dhaifu, na mtu anadhani inaisha. Anaulaza mtungi chini, au anaupasha moto. Usifanye hivyo! Ukiulaza, gesi ya majimaji inaingia kwenye mpira na moto unaruka kama ulimi wa joka. Mtungi unakaa wima, muda wote.

Sisemi mitungi haina hatari. Usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi, Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa mara tatu, mwaka 2023, maombi ya kibali cha kituo pale, kwa sababu watu walikuwa wamebanana sana jirani. Ona tofauti: Embakasi haukuwa "mtungi wa mama". Ilikuwa biashara iliyoendelea mahali palipokataliwa. Lakini picha za moto ule zikizunguka kwenye simu bila maelezo hayo, anayeogopa ni mama mwenye mtungi wa kilo sita. Anarudi kwenye jiko lake la mkaa, jekundu, tulivu, lisilo na moshi. Analiingiza chumbani.

Mmeuona mzunguko? Neno moja linamkimbiza kutoka kwenye gesi yenye harufu inayomwamsha, neno jingine linampokea kwenye gesi isiyo na harufu inayomlaza. Na yote mawili tumeyachapa sisi.

Najua nitajibiwa nini. "Kijana, tatizo ni umasikini. Wape watu umeme wa bei nafuu na blanketi, acha kubishana juu ya maneno." Nakubali umasikini ndio unaomfanya mtu aingize jiko ndani. Sibishi hata kidogo. Lakini saa nne usiku, jiko likiwa limeshamaliza kupika na chumba kimeshapata joto, kuna uamuzi mmoja umebaki: lilale ndani au lilale nje. Uamuzi huo haugharimu shilingi. Unategemea mtu anaamini nini kuhusu mkaa usio na moshi, na imani hiyo kaipata mahali. Umasikini hatuwezi kuumaliza kabla ya Agosti. Neno tunaweza kulibadilisha kwenye toleo la kesho.

Kwa hiyo nadai hivi. Wahariri: futeni moshi, andikeni SUMU YA MKAA. Msijaribu "hewa ya ukaa", watu watadhani ni ile biashara ya kaboni ya misitu. Kila habari ya kifo cha namna hii iwe na sentensi moja inayosema jiko lisilo na moshi linaua. Makamanda: acheni "kukosa hewa". Wapiga picha wenzangu: tumechoka na picha ya kiongozi anamkabidhi mama mtungi. Tupigieni picha ya mama anapaka povu la sabuni kwenye maungio, hiyo nitaigombea ukurasa wa mbele mimi mwenyewe. Wenye nyumba za kupanga na nyumba za wageni kwenye mikoa ya baridi: matundu ya hewa yasizibwe, na kama mnaruhusu mkaa vyumbani, mjue mnapokea kodi ya chumba cha sumu.

Na wewe unayenisoma ukiwa ofisini, una mama, shangazi au mdogo wako yuko Njombe, Mbeya au Arusha. Au una jamaa Limuru. Au Goma, ambako mkaa wanauita makala na baridi ya usiku hawaisimuliwi. Usisubiri wahariri. Nimekuandikia ujumbe, unatosha kwenye meseji moja ya kawaida, hauhitaji simu ya kisasa:

"Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama halina moshi. Sumu ya mkaa haionekani, haina harufu. Ukiumwa kichwa karibu na jiko, toka nje haraka."

Hicho kichwa kuuma, na kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, ndiyo dalili zenyewe. Zinafanana na malaria, ndiyo maana watu wanameza dawa wanarudi kulala pale pale. Wakiumwa watu wawili watatu chumba kimoja kwa wakati mmoja, hiyo si malaria. Malaria haigongi mlango mmoja usiku mmoja na kuwashika wote.

Tuma leo, kabla hawajaingiza jiko. Na kesho ukikuta gazeti lolote limeandika "moshi", hata kama ni letu, lipigie picha ulilete hapa. Nitaanza kuyapanga.

Naomba kuwasilisha.